Fungua Mdomo: Fizi na Sukari Isiyoshuka

Mgonjwa wa kisukari akifika kliniki hupimwa uzito, presha na sukari. Huulizwa kuhusu macho, huvuliwa viatu nyayo zikaguliwe kama zina vidonda. Ni nadra kuambiwa afungue mdomo. Akisema kwamba kila akipiga mswaki anatema damu, anaelekezwa kwa daktari wa meno: jengo jingine, foleni nyingine, kadi nyingine. Nadai kwamba ukuta huu kati ya kinywa na mwili ni wa kiofisi tu, kitabibu haupo.

Kwamba kisukari huharibu fizi halibishaniwi tena. Mwaka 1993 mtaalamu wa fizi Harald Löe aliuita ugonjwa wa fizi tatizo la sita la kisukari. Ubishi uko upande wa pili: fizi zikitibiwa, sukari itashuka? Njia ambayo fizi zilizougua hupandisha sukari inafahamika. Ukoga usiposuguliwa hugeuka gamba gumu linaloteremka chini ya ufizi. Ufizi huachana na jino, na katika upenyo huo bakteria hustawi. Mwili hupambana nao miaka nenda rudi bila kuwamaliza, na kemikali za pambano hilo, kama interlukini-6, huingia kwenye damu na kuzifanya seli ziwe sugu kwa insulini.

Majaribio, hata hivyo, yalipingana. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliojaribu matibabu ya fizi katika utafiti wa wagonjwa 514 walitangaza kwamba baada ya miezi sita kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu, hakikuboreka. Wengi wakafunga kitabu. Nadhani waliharakisha. Baada ya matibabu yale, sehemu zaidi ya 4 kati ya kila 10 za fizi zilizopimwa zilikuwa bado zinatoka damu. Aliyemeza nusu dozi ya dawa ya malaria akabaki na homa hajathibitisha kwamba dawa haifai.

Mwaka 2018 watafiti wa London walifanya kazi hiyo kwa ukamilifu zaidi kwa wagonjwa 264. Kundi moja lilikwanguliwa hadi chini ya fizi, waliohitaji upasuaji wakapasuliwa, na usafishaji ukarudiwa kila miezi mitatu. Kundi la pili lilisafishwa juu juu. Baada ya mwaka mmoja, HbA1c ya kundi la kwanza ilikuwa chini kwa asilimia 0.6. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumuisha tafiti 35, yalipata punguzo la asilimia 0.43 katika miezi mitatu hadi minne, na 0.30 katika miezi sita.

Punguzo hilo ni dogo, na asidanganywe mtu kuacha dawa yake ya sukari, kama metformini. Lakini kupungua kwa punguzo hilo kutoka 0.43 hadi 0.30 kunanifundisha jambo la kiutendaji: ukoga hurudi, kwa hiyo usafishaji wa mara moja hautoshi.

Kukwangua chini ya fizi ni kazi ya mtaalamu wa kinywa. Kuuliza si kazi yake peke yake. Muuguzi anayekagua nyayo anaweza kuongeza maswali mawili: fizi zinatoka damu? Kuna jino linalolegea? Majibu yaandikwe kwenye kadi ileile ya kisukari, karibu na kipimo cha sukari, daktari ayaone kabla hajaongeza dozi.