Mukiri, Mtumishi Aliyenyamaza

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Msomaji kijana, ukitaka kuuona ukweli wa maneno hayo, hapana haja ya kwenda mbali. Simama Kiirua, katika nchi ya Wameru, uelekeze macho kwenye vilima vya Nyambene. Ndani ya msitu wa vilima vile mtu mmoja alifanya kazi kubwa kwa miaka mingi, na sifa yake iliyo kuu ni kwamba hakuisema.

Yafaa kwanza tukumbuke asili ya mambo. Mwaka 1901, katika mji wa Turin nchini Italia, Padre Giuseppe Allamano alianzisha shirika la Wamisionari wa Konsolata. Wanne wa kwanza walifika Kenya mwaka 1902, wakaanza kazi katika nchi ya Wagikuyu. Na mwaka 1911 wenzao waliingia Meru. Mbegu ile ilikua, hata mwaka 1953 Meru ikawa jimbo lenye askofu wake.

Watu wengi wakitaja misioni huwakumbuka mapadre tu. Lakini pamoja nao walikuwako mabruda, watu walioweka nadhiri za kitawa bila kupewa upadre. Hao hawakuadhimisha misa wala hawakuungamisha watu. Walichonga mawe, walipasua mbao, walijenga makanisa, shule na hospitali. Mmoja wao alikuwa Bruda Giuseppe Argese, mzaliwa wa Martina Franca, kusini mwa Italia, aliyefika Kenya mwaka 1957.

Huko Tuuru palikuwa na nyumba ya watoto walemavu, nayo ilikuwa na shida kubwa ya maji. Watu wa jirani walipata taabu iyo hiyo: wanawake na wasichana walikwenda mwendo mrefu wakarudi na mizigo ya maji migongoni. Katika miaka ya 1960 Bruda Argese alianza kuitafutia shida hiyo dawa. Hakuanza kwa kuchimba ovyo, bali kwa kutazama. Aliona kwamba ukungu utokao upande wa bahari hugonga miti ya Nyambene, ukageuka matone juu ya majani. Nayo matone hudondoka, yakazama ardhini. Basi, akisaidiana na wenyeji, alijenga vizuizi chini ya udongo ili maji yale yakusanyike yasipotee. Kisha yalitiwa katika mabwawa na mabomba, yakateremka mabondeni kwa uzito wake yenyewe. Mabomba hayo yaliongezwa mwaka hata mwaka, hata maji yakawafikia watu zaidi ya 200,000.

Wameru walimpa jina la Mukiri, maana yake mtu anyamazaye. Jina hilo halikutolewa bure. Mwenye kutaka kusifiwa asingalivumilia miaka mingi msituni kungojea matone.

Labda utauliza: je, kuleta maji ni kazi ya dini? Si kazi ya serikali na mafundi? Ni swali la haki, wala halifai kupuuzwa. Fundi asiye na imani aweza kutandika bomba lililo imara vilevile. Lakini imani ya Kikristo hufundisha kwamba Bwana aliwaosha wanafunzi wake miguu. Kwa hiyo mwenye kuishika hawezi kuigawa kazi kuwa ya heshima na ya aibu. Katekisimu hufunzwa darasani, ni kweli. Lakini unyenyekevu haufunzwi kwa maneno. Kijana huujifunza amwonapo mkubwa wake ameshika sepetu.

Tena liko funzo la pili. Maji ya Nyambene ni mtoto wa msitu. Miti ikikatwa, ukungu utapita bila kuacha tone, na mabomba yatabaki makavu. Hivyo kazi ya Mukiri haikukamilika kwa mikono yake. Imewekwa mikononi mwa wanywao maji hayo.

Basi, msomaji, utakapopewa kazi katika parokia, shuleni au kijijini, usiulize kwanza ni nani atakayekuona. Uliza ni nani mwenye kiu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.