Alama za Mtihani Zilivyotufikia, na Maana Yake kwa Wazazi

Kila mwaka matokeo ya mitihani yatangazwapo, sisi walimu hujiwa na wazazi wenye karatasi mkononi. Swali lao huwa moja: "Mwalimu, mtoto amefaulu au ameanguka?" Nasi hulijibu kwa neno moja, nao huenda zao, huyu kwa furaha, yule kwa huzuni. Walakini neno lile moja halitoshi, maana alama ni kipimo, na kila kipimo kina mtu aliyekitengeneza na kazi aliyokitengenezea. Wazee wetu walipouziana mtama kwa pishi walijua ya kuwa pishi ya soko hili si lazima iwe sawa na pishi ya soko lile. Basi hawakuikubali hesabu kabla ya kukitazama chombo chenyewe. Katika mambo ya mitihani akili hiyo imetupotea.

Mtihani mmoja wa namna hii, wenye maswali yale yale kwa watoto wa shule mbali mbali, ulianzishwa na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwezi wa Desemba 1858. Mara ya kwanza walifanya wavulana 370. Wasimamizi walisafiri kwa gari la moshi mpaka miji ile, na karatasi za maswali wamezifungia katika masanduku. Wasichana wakakubaliwa rasmi mwaka 1865. Shabaha ilikuwa njema: shule zilikuwa nyingi, na hapana aliyeweza kujua ni ipi ifundishayo vizuri, maana kila shule ilijisifu yenyewe. Baadaye mtihani huo ulienea pamoja na utawala wa Kiingereza, ukafika hata Tanganyika, Kenya na Uganda. Na kwa miaka mingi majibu ya vijana wetu wa sekondari yalifungwa yakapelekwa Uingereza kusahihishwa na watu ambao hawakupata kuziona shule zetu.

Huku kwetu, lakini, mtihani ulipewa kazi ya pili, nayo ndiyo iliyotia uchungu nyumbani mwa watu. Ulifanywa chujio. Palikuwa na mtihani wa darasa la nne, na wa darasa la nane, na wa darasa la kumi, na mbele ya kila mmoja nafasi zilikuwa chache kuliko watoto. Kama shule ya juu ina vitanda 30, basi mtoto wa 30 aliingia, na wa 31 alirudi kwao, ijapokuwa kati yao palikuwa na tofauti ya alama moja tu. Huyu wa 31 akaambiwa ameanguka. Kwa kweli hakuanguka. Vitanda ndivyo vilivyokwisha. Lakini neno lile alirudi nalo kijijini, na wako wazee leo waliolibeba maisha yao yote.

Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya siasa alikuwa amefundisha katika shule za misheni za Tabora na Pugu, aliliona jambo hili waziwazi. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, la Machi 1967, alionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wa shule za msingi ni kama 13 tu watakaopata nafasi ya sekondari, na wale 87 hurudi kwao wakijihisi wameshindwa. Hebu tuifikirie hesabu hiyo. Nchi ilijenga shule, ikalipa walimu, na fundisho ambalo watoto wengi walitoka nalo ni kwamba wao hawafai.

Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 ikaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi za mtoto za kila siku nazo zihesabiwe, si mtihani wa mwisho peke yake. Hivyo chombo kikawa chetu wenyewe. Watu wengi walidhani ya kuwa tangu hapo hakuna tena la kuuliza.

Yaliyotokea mwaka 2013 yalituonya. Mwezi wa Februari yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mtihani uliofanywa mwaka 2012, na vijana zaidi ya 240,000 wakaonekana wamepata daraja sifuri. Msiba uliingia nyumba nyingi. Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi wa Mei Serikali ikatangaza bungeni kwamba matokeo yale yamefutwa, nayo yapangwe upya. Sababu ilikuwa hii. Miaka ya nyuma mipaka ya alama, yaani A ianzie wapi na F iishie wapi, haikuwa ya kudumu. Ilisogezwa katika kila somo kwa kadiri nchi nzima ilivyofanya. Kwa mtihani wa mwaka 2012 mipaka ikawekwa ya kudumu kwa masomo yote, bila matayarisho ya kutosha. Basi ikaamriwa utumike utaratibu wa mwaka uliotangulia, na waliofaulu wakaongezeka kwa zaidi ya 30,000.

Msomaji na aangalie sana hapa. Karatasi za majibu hazikusahihishwa upya. Kijana hakuongeza hata nukta moja. Alilala ameanguka, akaamka amefaulu, kwa sababu mpaka umesogezwa. Hatusemi kwamba kosa lote lilikuwa la mipaka: wengi walibaki na sifuri zao hata baada ya kupangwa upya, na upungufu wa walimu na vitabu ulikuwa wa kweli, tena wa kutisha. Twasema tu kwamba herufi iliyo katika karatasi ina sehemu mbili, kazi ya mtoto na mpaka uliowekwa na watu, na mzazi huonyeshwa ya kwanza tu.

Tena mambo hayakutulia hapo. Matokeo ya mwaka 2014 yalitolewa kwa wastani wa alama, na madaraja yakaachwa. Ya mwaka 2015 yakarudi kwenye madaraja. Nyumba yenye watoto watatu waliomaliza mwaka 2011, 2014 na 2015 ina vyeti vya desturi tofauti, na baba akiwalinganisha hao ndugu kwa vyeti vyao, awaonea.

Basi karatasi ya sasa isomwe hivi. Kwa darasa la saba kila somo lina alama 50, na masomo ni sita, jumla 300. Hapo awali masomo yalikuwa matano, jumla 250. Kwa hiyo alama 160 alizopata kaka mkubwa zilikuwa B, na alama 160 za mdogo wake leo ni C. Kidato cha nne huwachanganya watu zaidi, kwa kuwa pointi zake huhesabiwa kinyume: A ni pointi 1, F ni pointi 5, na masomo saba yaliyo bora hujumlishwa. Mwenye 7 ndiye aliyepita wote. Daraja la kwanza huishia 17. Mwenye 34 au 35 ana sifuri. Tena C huanza alama 45 hata 64. Aliyepata 44 na aliyepata 45 ni karibu sawa, nao hupewa herufi mbili. Aliyepata 45 na aliyepata 64 wako mbali, nao hupewa moja.

Kuhusu nafasi, ya kwanza au ya arobaini, Baraza liliacha mwezi wa Januari 2023 kutangaza shule na wanafunzi walioongoza nchi nzima, nasi twaona lilifanya vema. Nafasi hutuambia wengine walifanyaje, haituambii mtoto amejua nini.

Liko neno moja zaidi ambalo karatasi hainalo. Watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha katika kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeshika Historia vizuri hapo zamani akipata F ya Historia, mara nyingi amekosa lugha ya swali, wala si habari yenyewe. Jambo hili huonekana katika daftari: maswali mafupi ameyajibu, na yale ya kueleza ameyaacha wazi. Mzazi asiyejua Kiingereza hata neno moja aweza kuyaona mapengo hayo kwa macho yake, akalichukua daftari akaenda nalo kwa mwalimu wa somo, akamwonyesha kwa kidole.