Shujaa Mwenye Lawama: Kutoka Genji hadi Mushoku Tensei

Mnamo Januari 2021 ilianza kuonyeshwa huko Japani Mushoku Tensei, mfululizo wa filamu za katuni uliotengenezwa na Studio Bind kutokana na hadithi ya Rifujin na Magonote, ambayo ilitolewa kwenye intaneti tangu 2012 hadi 2015. Mhusika wake mkuu ni mwanamume wa miaka 34 aliyejifungia nyumbani kwa muda mrefu. Anakufa kwa kugongwa na lori, kisha anazaliwa upya katika ulimwengu wa uchawi kwa jina la Rudeus, huku akili na kumbukumbu zake za utu uzima zikibaki naye. Wengi waliisifu kazi hiyo kwa uzuri wa picha na upana wa ulimwengu wake. Wengine waliikataa, kwa kuwa shujaa huyo huwachungulia na kuwagusa wanawake na wasichana bila ridhaa yao. Je, yawezekana kuithamini hadithi ambayo shujaa wake anastahili lawama? Huko Japani swali hili si geni. Limekuwapo kwa karne nyingi, na majibu ya zamani yanatusaidia kuyapima ya leo.

Hadithi ya Genji, yenye sura 54, ilitungwa na bibi Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11. Genji ni mwana wa mfalme, hodari wa mashairi na muziki. Ndiye pia aliyezaa mtoto kwa siri na Fujitsubo, mke wa baba yake, na mtoto huyo akaja kutawazwa. Mnamo 1193 mshairi Fujiwara no Shunzei alitamka kwamba ni jambo la kusikitisha mshairi kutoisoma Genji. Lakini katika karne hiyo hiyo ya 12 ilienea imani kwamba mtungaji anateseka motoni kwa kubuni visa vya tamaa, hata zikafanywa ibada za Kibudha za kumwombea. Walioziandaa walikuwa wapenzi wa hadithi yenyewe: waliipenda, na kwa kuipenda wakaingiwa na hofu.

Jibu zito zaidi lilitolewa na mtaalamu Motoori Norinaga (1730–1801). Kabla yake, wafasiri waliofuata mafundisho ya Buddha na ya Confucius walizoea ama kuilaumu Genji, ama kuitetea kwa hoja kwamba ni onyo kwa wasomaji. Norinaga alizikataa njia zote mbili. Hadithi, alisema, ina mizani yake yenyewe, nayo ni uwezo wa moyo kuguswa na mambo, uitwao mono no aware. Mapenzi haramu aliyafananisha na tope: atakaye ua la yungiyungi hana budi kuwa na maji ya matope, ingawa alipendalo si tope. Karne moja baadaye, mnamo 1885 na 1886, Tsubouchi Shoyo alimfuata katika kitabu chake juu ya kiini cha riwaya. Aliwakosoa mashujaa wanane wa Bakin, mwandishi maarufu wa karne ya 19, akisema kuwa ni sifa njema zilizovishwa umbo la watu, wala si watu.

Hoja ya Norinaga iliikomboa hadithi kutoka mikononi mwa mahakimu. Hata hivyo ina upungufu. Katika tope lile wamo pia watu walioumizwa. Murasaki, aliye mhusika wa Genji, alichukuliwa akiwa mtoto, akalelewa katika nyumba ya Genji, kisha akafanywa mke. Asubuhi iliyofuata alijifunika nguo, akakataa kusema naye. Miaka mingi baadaye aliomba ruhusa ya kuwa mtawa. Genji hakumkubalia, naye akafa bila kuipata. Mtungaji hakumpa Genji hukumu, lakini alimpa Murasaki nafasi ya kuonekana na uchungu wake. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kipimo kinachofaa: tusiulize tu kama shujaa ni mwema, bali tuulize kama hadithi inauacha uovu wake uwe na uzito.

Kwa kipimo hiki, Mushoku Tensei inapata sifa na lawama pamoja. Mwongozaji Okamoto Manabu amempa Rudeus sauti mbili: ya mtoto anaposema, na ya yule mwanamume wa zamani anapowaza. Hivyo mtazamaji hawezi kusahau ni nani aliyemo ndani ya mwili ule mdogo. Mwalimu wake Roxy anapomtoa nje ya ua kwa farasi, hofu aliyokuja nayo tangu maisha ya kwanza inavunjika bila hotuba yoyote. Anapogombana na baba yake mjini Millishion, kiburi chake kinamrudia yeye mwenyewe. Hapo kosa lina uzito. Lakini mwanafunzi huyo huyo anaiba nguo ya ndani ya Roxy na kuifanya kitu cha kuabudiwa, na jambo hilo tunatakiwa kulicheka. Aliyekosewa hapewi nafasi kama ile aliyopewa Murasaki. Udhaifu huo ni wa hadithi yenyewe, si wa mhusika peke yake. Wala uzuri wa picha haufuti.

Sisi wasomaji wa hadithi za Kiswahili tumezoea kuuliza, mwishoni, funzo ni lipi. Swali hilo ni halali, ila halitoshi. Mwanafunzi anayeipenda kazi ya namna hii asilazimishwe kuikana, wala asiruhusiwe kumtetea shujaa kwa sababu tu machozi yalimtoka. Aonyeshe mahali ambapo kosa linaonekana kuwa kosa, na mahali ambapo limegeuzwa mzaha. Akiweza kuzitenga sehemu hizo mbili, ataithamini kazi hiyo bila kumwachilia Rudeus huru.