Dini ya Dokta John

Jumapili ya tarehe 5 Februari 2023 Papa Francis aliadhimisha misa jijini Juba, kwenye uwanja wa kaburi la John Garang de Mabior. Jana yake, palepale, alikuwa ameongoza sala ya pamoja na Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury, na Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland. Wapo vijana waliotembea kwa miguu kutoka Rumbek, siku nyingi barabarani, ili wawepo. Altare iliwekwa pembeni mwa kaburi la mtu aliyeongoza vita kwa zaidi ya miaka 20, na moja ya madai yake makuu katika vita hivyo lilikuwa kwamba dola isiwe na altare wala kibla.

Hapa Atlabara, mtaa ambao nje ya Juba wengi wanaujua kwa timu yake ya mpira, Garang ni Dokta John tu. Kiswahili hakikosekani mtaani: kuna wafanyabiashara wa Kenya na Uganda, na kuna Wasudan Kusini waliokulia ukimbizini Kakuma. Sura yake iko kwenye noti za paundi tunazolipia chai. Na makanisani, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kiingereza au kwa Kidinka, amekuwa Musa, aliyewafikisha watu mlimani akaiona nchi ya ahadi kwa mbali akafa. Salva Kiir, aliyemrithi, ndiye Yoshua. Ni hadithi nzuri, ingawa kwa maoni yangu inamfaa zaidi Yoshua kuliko Musa, maana Yoshua ndiye anayehitaji mamlaka yake yatoke juu.

Garang mwenyewe aliamini nini? Swali si geni kwa waasisi wa mataifa. Wamarekani, ambao kwao alisoma, wanabishana mpaka leo juu ya dini ya wazee wao wa mwanzo. Thomas Jefferson alikata Injili kwa wembe, akabakiza mafundisho ya Yesu na kuacha miujiza. Jefferson huyohuyo ndiye aliyewaandikia Wabaptisti wa Danbury, mwaka 1802, kuhusu ukuta kati ya kanisa na dola. Kila upande Marekani unamvuta awe wake. Garang naye anavutwa, na wanaomvuta zaidi ni watu wa kanisa.

Alizaliwa mwaka 1945 Wangulei, katika nchi ya Wadinka wa Twic, upande wa Bor. Waingereza walikuwa wamewagawia wamisionari Sudan Kusini vipande vipande: Wakatoliki wa Verona huku, Wapresbiteri wa Marekani upande wa mto Sobat, na Waanglikana wa CMS huko Bor, ambako walijenga kituo chao Malek katika miaka ya kwanza ya karne ya 20. Mtoto aliyetaka kusoma alipitia mlango wa kanisa, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine. Ndiyo maana Khartoum ilipotaka kuwabana watu wa kusini ilianzia hapohapo. Mwaka 1957 ilizitwaa shule za misheni. Mwaka 1960 siku ya mapumziko ikahamishwa kutoka Jumapili kwenda Ijumaa, wanafunzi wakagoma. Mwaka 1964 wamisionari wa kigeni wakafukuzwa wote.

Kizazi kilichomtangulia Garang kilijibu kwa lugha ya kanisa, na mtu wake mkubwa alikuwa padri. Saturnino Lohure, Mlotuko wa upande wa Torit, aliingia bungeni Khartoum mwaka 1958 kudai shirikisho, akakimbilia Uganda baada ya bunge kuvunjwa na wanajeshi, akawa mlezi wa chama cha SANU na wa wapiganaji wa Anyanya. Aliuawa Januari 1967 kaskazini mwa Uganda, karibu na mpaka. Ukimtafuta mwanasiasa wa Sudan Kusini ambaye imani na siasa zake zilikuwa kitu kimoja, ni Padri Saturnino. Garang alikuwa wa namna nyingine kabisa, na tofauti hiyo nadhani ilianza kukomaa Tanzania.

Alipokuwa kijana Anyanya walimwona mdogo mno kwa bunduki, wakamwambia asome. Akafika Lushoto, shule ya Magamba, kisha akapata ufadhili wa kwenda Chuo cha Grinnell, Iowa, alikohitimu uchumi mwaka 1969. Angeweza kuendelea na masomo Marekani. Akachagua Dar es Salaam. Pale Mlimani alikuta wanafunzi waliokuwa wakiwasikiliza kina Walter Rodney na kubishana juu ya ukombozi wa Afrika nzima. Mmoja wao aliitwa Yoweri Museveni. Aliikuta pia nchi ambayo rais wake alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa, akiongoza Waislamu na Wakristo kwa kanuni ambayo Mtanzania yeyote anaijua: serikali haina dini, wananchi ndio wenye dini. Kijana anayetoka Sudan, ambako serikali ilikuwa na dini na ikaamua hata siku ya kupumzika, hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Wanajeshi wa Bor walipoasi Mei 1983, na SPLM/A, chama na jeshi la waasi chini ya Garang, ikazaliwa Julai mwaka huohuo, wengi walitegemea Anyanya nyingine: kusini ijitenge, Wakristo dhidi ya Waislamu. Septemba, Rais Nimeiri akatangaza sheria za Kiislamu, kana kwamba alitaka kumsaidia Garang kukusanya askari. Januari 1985 akamnyonga Mahmoud Mohamed Taha, mwanazuoni mzee wa Kiislamu aliyezipinga sheria hizo. Garang angeweza kuinua msalaba akapata jeshi siku hiyohiyo. Hakuuinua. Alishikilia kwamba tatizo liko Khartoum, kwamba Sudan yote inahitaji kuundwa upya, na kwamba Mwislamu maskini wa Darfur au wa milima ya Nuba amekandamizwa sawasawa na Mdinka. Waliotaka kujitenga kwanza, wazee kama Samuel Gai Tut na Akuot Atem, walipigana naye na wakapoteza maisha yao katika ugomvi huo.

Msimamo huu haukuwa wa maneno matupu, na ushahidi wake ni watu aliowaweka karibu. Mansour Khalid, aliyepata kuwa waziri wa mambo ya nje wa Nimeiri, Mwislamu wa kaskazini, ndiye aliyekusanya hotuba za Garang na kuzichapisha mwaka 1987. Yousif Kuwa Mekki, mwalimu Mwislamu, aliongoza vita vya Nuba mpaka alipofariki mwaka 2001. Aprili 1992 mashehe wa serikali walikutana El Obeid wakatoa fatwa kwamba Mwislamu anayepigana upande wa waasi ametoka katika Uislamu. Fatwa ile iliandikwa kwa ajili ya watu kama Kuwa. Isingehitajika kama SPLA ingekuwa jeshi la Wakristo watupu.

Upande wa pili wa picha haupendezi sana. Miaka ile makao yake yalikuwa Ethiopia ya Mengistu, na chama kilizungumza Kimaksi. Kanisa lilitazamwa kwa mashaka. SPLA ilipoiteka Torit mwaka 1989, ilimshika Baba Askofu Paride Taban na mapadri wake, ikawazuia kwa miezi. Ni Taban huyohuyo aliyekuja kuwa sauti ya amani kuliko wanasiasa wote, na aliyeanzisha kijiji cha amani cha Kuron. Alifariki Novemba 2023. Mtu anayemwita Garang Musa ana wajibu wa kukumbuka kwamba jeshi la Musa lilimweka askofu kizuizini.

Kisha 1991 ikavunja kila kitu. Mengistu akaanguka Mei, wakimbizi kwa maelfu wakarudi kwa miguu kutoka Ethiopia. Agosti, makamanda wake Riek Machar na Lam Akol wakatangaza kumwondoa Garang, na kabla ya mwaka kwisha watu wa Bor wakachinjwa kwa wingi. Katika msiba huo Wadinka wa Bor waliingia kanisani kwa makundi ambayo wamisionari wa Malek hawakupata kuyaona maishani mwao. Kambini watu walitembea na misalaba ya mbao, wakatunga nyimbo zao wenyewe, wanawake wakiongoza. Waliokuwa wakibatizwa walikuwa mama na dada wa askari wake.

Ndipo tunamwona Garang akibadili lugha. Julai 1997, Kejiko karibu na Yei, SPLM ilikaa na Baraza la Makanisa la Sudan Mpya, ikasikiliza malalamiko ya wachungaji juu ya tabia za makamanda. Wafuasi wake wanasema aliongoka. Wapinzani wanasema alihitaji chakula cha misaada na marafiki wapya baada ya kumpoteza Mengistu. Sioni kwa nini yote mawili yasiwe kweli, lakini kama ni lazima nipime, natazama mambo aliyoyafanya wakati uleule mahali pengine. Juni 1995, Asmara, alitia saini pamoja na wapinzani wa kaskazini maazimio ya kuzuia vyama vya siasa vya kidini. Mwenyekiti wa muungano wao wa upinzani alikuwa Mohamed Osman al-Mirghani, kiongozi wa tarika ya Khatmiyya. Marekani, ambako walokole walikuwa wameifanya Sudan Kusini kuwa kilio chao na kuisukuma serikali ya Bush mpaka ikapata Sheria ya Amani ya Sudan mwaka 2002, alipokelewa kama mtetezi wa Wakristo wanaoteswa. Alijua wasikilizaji wake. Asmara na Washington alizungumza tofauti, lakini karatasi alizotia saini zilisema jambo lilelile.

Biblia aliipenda kwa namna yake. Aliitumia kama hati ya kumiliki ardhi. Katika mihadhara yake juu ya Sudan alianzia Kushi ya Maandiko, akapita Meroe, falme za Kikristo za Nubia, masultani wa Kiislamu, mpaka Waturuki na Waingereza, akihitimisha kwamba nchi iliyobeba yote hayo haiwezi kuwa ya Waarabu peke yao wala ya Waislamu peke yao. Wahubiri wetu walichukua sura ya 18 ya Isaya, ile ya watu warefu walio ng'ambo ya mito ya Kushi, wakaifanya unabii wa uhuru wa mwaka 2011. Kwa Garang Kushi ilikuwa ya Wasudan wote. Kabla ya uhuru lilitajwa hata kama jina la nchi mpya, likaachwa.

Kwa tabia alikuwa mcheshi kupita kiasi, mpenda hadithi, mwenye subira ya mvuvi kwenye meza ya mazungumzo. Kwa wenzake waliompinga subira hiyo ilikwisha upesi. Joseph Oduho, mwalimu Mkatoliki, mmoja wa waasisi wa SANU na wa SPLM yenyewe, alifungwa na chama chake, akaachiwa, akaenda upande wa Machar, na Machi 1993 akauawa Kongor askari wa Garang waliposhambulia. Kerubino Kuanyin Bol, aliyefyatua risasi za kwanza Bor, alikaa kizuizini miaka mitano. Novemba 2004, mkutano wa Rumbek, Kiir na makamanda wengine walimweleza Garang usoni kwamba anatembea na chama mkobani. Aliyevumilia dini zote hakuvumilia makamu.

Kanuni yake ya dini nayo ilikatwa nusu. Itifaki ya Machakos ya Julai 2002 iliiacha sharia kaskazini na kuiondoa kusini, na watu wa kusini wakapewa kura ya maoni. Mwaka uliofuata alikaa Naivasha ana kwa ana na Ali Osman Taha, mmoja wa wajenzi wakubwa wa dola ya Kiislamu ya Rais Bashir, huku Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, mtu wa sala, akiwapatanisha. Walielewana. Wanuba na watu wa Blue Nile, wakiwamo Waislamu waliomwamini alipowaambia kwamba vita ni vya Sudan nzima, walipewa kitu kilichoitwa mashauriano ya wananchi. Baadhi yao hawajamsamehe, na siwalaumu.

Amani ilipopatikana, tarehe 8 Julai 2005 aliingia Khartoum, na umati uliokadiriwa kupita watu milioni moja ukamfuata Uwanja wa Kijani, wengi wakiwa wakimbizi wa kusini, lakini na watu wa kaskazini pia. Kesho yake akaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Tarehe 30 helikopta ya rais wa Uganda ikaanguka naye akitoka kwa Museveni. Agosti 6 ibada ikafanyika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, la Waanglikana, hapa Juba, na Rais Bashir akahudhuria mazishi.

Katiba ya mpito ya 2011, kifungu cha 8, inasema dini na dola vitenganishwe na dini zote zitendewe sawa. Mistari hiyo ni ya Garang zaidi kuliko hotuba zote za Jumapili. Dai lake lililobaki kaskazini lilirudi Juba kwa njia nyingine: tarehe 28 Machi 2021, Jenerali Burhan na Abdelaziz al-Hilu, kamanda wa Nuba aliyerithi jeshi la Yousif Kuwa, walitia saini hapa mjini tamko la kutenganisha dini na dola ya Sudan. Oktoba mwaka huohuo Burhan akapindua serikali ya kiraia, na Aprili 2023 Khartoum ikaingia vitani. Februari 2025, Nairobi, al-Hilu alijiunga na mkataba mwingine, safari hii na wapiganaji wa RSF, wapinzani wa Burhan, na sharti la dola isiyo na dini limo ndani yake.