Tupa na Bisibisi: Historia ya Kuunganisha Bunduki kwa Vipande

Neno «mtambo» katika Kiswahili lina maana mbili ambazo msomaji wa siku hizi hazihusishi kwa urahisi. Mtambo ni mashine ya kiwandani. Lakini wahenga walisema pia «mtambo wa bunduki», yaani kile kifaa kidogo kilichopachikwa ubavuni mwa silaha, chenye kamani na nyundo, ambacho hutoa cheche na kuiwasha baruti. Historia ya ufundi imezikutanisha maana hizo, kwa kuwa mitambo mingi ya kiwandani ya karne ya 19 ilibuniwa kwanza kwa ajili ya mtambo wa bunduki. Mahali pa kulitazama jambo hilo ni meza ya mwisho, pale fundi anapochukua vipande na kuviunganisha hadi vikawa silaha.

Kabla ya hapo meza hiyo ilitawaliwa na tupa. Mmoja alifua mtutu, mwingine kamani, wa tatu akachonga kitako cha mbao. Vipande vilipofika kwa muunganishaji havikukubaliana hata kidogo. Yeye ndiye aliyevikwangua na kuvijaribu, akavikwangua tena, mpaka skrubu ikaingia na nyundo ikaanguka mahali pake. Kisha alitia alama juu ya kila kipande, ili vya bunduki moja visipotelee katika nyingine. Kila kipande kilikuwa na mwenzake mmoja tu duniani. Kamani ikivunjika vitani, askari mwenye bunduki kumi mbovu mkononi hakuweza kutoa humo hata moja nzima bila fundi mwenye tupa.

Mfaransa Honoré Blanc alidhamiria kuuondoa utumwa huo. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Paris, alikitembelea kiwanda chake. Katika barua ya tarehe 30 Agosti alieleza kwamba aliwekewa vipande vya mitambo 50 iliyofunguliwa, kila aina katika kisanduku chake. Jefferson mwenyewe, ambaye hakuwa fundi wa bunduki, aliokota vipande bila kuchagua akaunganisha mitambo kadhaa, nayo ikakaa sawasawa. Yafaa kuzingatia kwamba ilikuwa mitambo tu, wala si bunduki nzima. Kazi ya Blanc ilipingwa na mafundi na wafanyabiashara waliozoea utaratibu wa kale, wala Ufaransa haikuiendeleza kwa muda mrefu baada yake.

Huko Marekani, sifa za uvumbuzi huo zilimwangukia Eli Whitney kwa muda mrefu kupita kiasi. Mwaka 1798 alipatana na serikali kutengeneza bunduki 10,000 kwa muda wa miaka miwili hivi. Alimaliza mwaka 1809. Katikati ya kuchelewa huko, Januari 1801, aliwaonyesha wakuu wa serikali, Jefferson akiwa miongoni mwao, jinsi mitambo mbalimbali ilivyoweza kufungwa katika bunduki ile ile. Vizazi vizima vya wanafunzi vilifundishwa kwamba siku hiyo ndiyo viwanda vya kisasa vilipozaliwa. Katika miaka ya 1960 watafiti waliifungua mitambo ya Whitney iliyohifadhiwa, wakakuta kwamba vipande vyake havibadilishani, na vingine vina alama za kuvitambulisha kama zile za mafundi wa kale. Tupa ilikuwa imepita humo. Onyesho la mwaka 1801 lilikuwa onyesho hasa, nalo lilimpatia mtu muda na fedha.

Aliyeifanya kazi yenyewe ni John Hall, katika kiwanda cha serikali huko Harpers Ferry, jimbo la Virginia, tangu mwaka 1819. Jina lake halikuvuma, na pengine sababu ni kwamba kazi yake haikuwa na siku moja ya kusimuliwa. Hall alitambua kwamba kosa dogo likipimwa juu ya kosa jingine huzaa kosa kubwa. Kwa hiyo kila kipimo cha kipande alikichukua kutoka sehemu moja tu iliyoteuliwa, wala hakupima tundu la pili kutoka la kwanza, na la tatu kutoka la pili. Alifanyiza vipimo vya chuma 63 vya kukagulia bunduki yake, ambayo ilijazwa risasi kwa nyuma. Wakaguzi wa serikali walipokuja mwaka 1826, bunduki zilifunguliwa, vipande vikachanganywa, vikafungwa tena juu ya vitako vipya, navyo vikapatana. Mwaka 1834 vipande vya Simeon North, aliyefanya kazi mbali huko Connecticut, viliingia katika bunduki za Hall bila taabu. Gharama zilikuwa kubwa, na ni hazina ya serikali tu iliyoweza kuzivumilia kwa miaka hiyo yote.

Waingereza waliyaona matunda yake mwaka 1854. Mafundi wa Birmingham walikuwa wamewachosha kwa ucheleweshaji, hivyo kamati yao ikaenda kukagua viwanda vya Marekani. Huko Springfield ilichagua bunduki kumi, moja ya kila mwaka kuanzia 1844 hadi 1853. Zikavunjwa, vipande vikachanganywa sandukuni. Wajumbe wakampa muunganishaji kipande kimoja kimoja kwa mikono yao, naye akazisimamisha bunduki zote kumi kwa bisibisi. Hakuhitaji tupa. Baada ya hapo Uingereza ilinunua mashine za Kimarekani kwa ajili ya kiwanda chake cha Enfield.

Meza ya mwisho ilikuwa imebadilika. Muunganishaji wa zamani alikuwa bingwa wa bunduki nzima, na mishahara ilimtambua hivyo. Mrithi wake alihitaji mikono myepesi tu. Ustadi ulihamia kwa wale wachache waliotengeneza mashine na vipimo.

Ubelgiji ulichelewa. Huko Liège mafundi wengi, wakifanya kazi majumbani mwao, waliendelea na tupa hata mwisho wa karne. Mwaka 1889 wenye viwanda wa eneo hilo waliungana kuanzisha kiwanda huko Herstal, ili kuitimizia serikali agizo la bunduki 150,000 za Mauser. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 1890, Mkataba wa Brussels ulipiga marufuku kuwauzia wenyeji wa sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwamo, bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu. Askari wa Léopold wa Pili walikuwa na Albini za kujazia nyuma. Kwa wenyeji mkataba uliruhusu, tena kwa masharti, gumegume tu pamoja na baruti ya biashara.

Sasa gumegume ni bunduki ya tupa. Kipande chake hakiwezi kuazimwa kutoka bunduki jirani, lakini chaweza kufuliwa upya na mhunzi yeyote mwenye jicho na subira. Wahunzi wa Kichokwe, kusini mwa Kongo na katika Angola, walijulikana kwa kazi hiyo katika karne ya 19. Waliifungua mitambo iliyovunjika, wakafua kilichokosekana, wakachonga vitako vipya. Kilichowashinda ni mtutu. Walipoketi kuunganisha, waliketi mbele ya meza ile ile ambayo Springfield ilikuwa imekwisha kuiacha, tupa mkononi, wakijaribu na kukwangua mpaka nyundo ianguke mahali pake.