Nani Mwongo? Wema na Uovu kutoka Gatha hadi Mwamba wa Dario

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna mazoea ya kuwagawa wahusika: wema huku, waovu kule, kisha tunasema mwandishi amefaulu kuonyesha mgogoro. Mimi naona mazoea hayo yana hatari yake, na historia ya Uajemi ya kale inatuonya.

Tuanze na Gatha, tenzi 17 zilizomo katika Avesta, kitabu kitakatifu cha dini ya Zarathushtra. Humo twasimuliwa habari za roho mbili pacha: moja ilichagua wema, nyingine ikachagua uovu. Neno la kushika hapa ni kuchagua. Binadamu naye hutakiwa achague mwenyewe kati ya asha, yaani kweli na utaratibu wa ulimwengu, na druji, yaani uongo. Huchagua kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Hata watawala hawasalimiki, kwani Gatha zinawalaani wale walioufuata uongo.

Sasa twende kwenye mwamba wa Behistun, magharibi ya Iran. Hapo mfalme Dario wa Kwanza, aliyetwaa ufalme mwaka 522 K.K., alichongesha habari zake kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Anamshukuru Ahuramazda, mungu yule yule wa Gatha, ingawa Zarathushtra hamtaji. Anasema uongo ulizidi nchini, naye akapigana mara 19 na kuwashinda wafalme 9. Kila mmoja wa hao, eti, alidanganya. Wa kwanza ni Gaumata, aliyejidai kuwa Bardiya mwana wa Koreshi.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Gaumata ilikuwa fupi kweli, miezi michache tu. Lakini nani aliyeipima? Dario mwenyewe! Wapo wanahistoria wanaoshuku kwamba aliyeuawa alikuwa Bardiya halisi, na kwamba mwongo ni huyo aliyeandikisha mwamba. Marehemu hakupata mwamba wa kujibia.

Kumbe basi, ule uongo ambao katika Gatha ulikuwa mtihani wa kila mtu, mfalme akiwemo, huku Behistun umegeuka kuwa jina la wapinzani wa mfalme. Mwenye patasi ndiye hakimu.

Wapo watakaosema hiyo ni siasa, si fasihi. Wapi! Maandishi yale yana msimulizi, wahusika na dhamira. Tena msimulizi ni mmoja wa wagombanao. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikuta katika riwaya au tamthilia mhusika anaitwa mwovu, uliza kwanza: nani kamwita hivyo, na amefaidi nini? Tusipouliza, uhakiki wetu utakuwa kazi ya kumshikia Dario ngazi wakati yeye anachonga.