Hisani ya Mgodi: Kutoka Mwadui hadi Geita

Dakta John Williamson, mjuzi wa miamba kutoka Kanada, alipoyagundua machimbo ya almasi ya Mwadui mwaka 1940, katika nchi ya Wasukuma iliyosifika hata hapo kwa ng'ombe na pamba, haikupita miaka mingi ila palisimama mji kamili, wenye umeme wake, hospitali yake, shule zake na kiwanja chake cha ndege, mji usio wa Serikali wala wa mtemi, bali wa tajiri mmoja. Humo ndimo ilimotoka, mwaka 1947, almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyotunukiwa Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake.

Mji huo ulizungushiwa seng'enge. Aliyeajiriwa alipata nyumba, matibabu na masomo ya wanawe. Asiyeajiriwa aliziona taa kwa mbali, na akithubutu kujipenyeza usiku kutafuta mchanga wenye almasi, hata leo huitwa mbeshi. Kwa insafu, siha na elimu zilikuwa fungu la ujira, wala si haki ya jirani. Williamson alipofariki mwaka 1958, milki ikagawanywa nusu kwa nusu baina ya kampuni ya almasi ya De Beers na Serikali; baadaye ikataifishwa, De Beers ikarejea 1994, na 2009 ikaingia kampuni ya Petra.

Geita nako dhahabu ilichimbwa tangu 1936 hata 1966, kisha pakanyamaza, hadi mgodi mkubwa wa sasa, ulio mikononi mwa kampuni ya AngloGold Ashanti, ulipofunguliwa mwaka 2000. Mgodi huu ulijenga sekondari ya wasichana ya Nyankumbu, jengo ambalo halmashauri nyingi zingelitamani. Lakini ilikuwa bado hisani, nayo hisani hupimwa na mwenye kutoa. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 ndiyo yaliyoilazimu kila kampuni kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kuafikiana juu yake na halmashauri, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo diwani alipopata kauli.

Hata hivyo, ghadhabu ya wakaazi wa Geita haikuwa aghalabu juu ya madarasa. Ilikuwa juu ya magwangala, mawe ya mabaki ya mgodi, waliyodai kwa miaka wapewe wayaponde na kuyaosha kwa mikono yao, madhali chembe za dhahabu zilizosalia humo kampuni haikuziona zina faida.